Mwanamke Aliyegusa Taa

Mwavita mwanangu,

Saa hizi uko Simbo unamuaga bibi yako, na najua anakuchelewesha makusudi. Mara akutafutie mhogo wa kubeba, mara akumbuke chupa ya mawese aliyoiweka mahali pasipoonekana. Mwache. Mimi nimekaa hapa kwenye chanja na dagaa wangu, kunguru wananitazama nami nawatazama, na nimeamua kuandika. Kwa mdomo sitaweza. Kwa mdomo nitapaza sauti, Mama Feza atasikia kule kwake, atakuja mbio kuuliza nani amekufa.

Na hati yangu unaijua. Nilipokuwa darasa la saba mwalimu alikuwa ananiita mimi niandike ubaoni, yeye amekaa anakunywa chai. Sikuendelea zaidi ya hapo, lakini waliosoma sana nawaona wanavyoandika, kama kuku amekanyaga wino. Kwa hiyo hutapata shida kunisoma.

Sitakuandikia habari za kula, kuswali kwa wakati, na kutopokea soda ya mtu usiyemjua kwenye basi. Hayo bibi yako anakupa sasa hivi, na atayarudia mpaka uchoke. Mimi nataka kujibu lile ulilosema jana.

Jana ulikuwa unakunja nguo, ukasema bila kunitazama, "Mama, labda nianze na ile ya ofisini kwanza. Hii ya Mwanza nitakwenda mwakani." Nikatoka kwenda kugeuza dagaa, na dagaa nilikuwa nimeshawageuza. Wewe ukadhani nimekubali. Sikukubali, mwana wanje. Nilikuwa natafuta maneno, na leo nimeyapata.

Hakuna mwakani. Wale wa karakana ya betri ya Mwanza walisema wazi, nami nilikuwepo: asiyefika Jumatatu nafasi yake anapewa mwingine. Na baba yako mdogo naye alishamalizana na mkubwa wake, kwamba kesho asubuhi anakuchukua, anakupeleka masjala, unakabidhiwa kiti, uanze kupokea mafaili na kugonga mihuri. Basi linaondoka alfajiri, kiti kinakusubiri asubuhi. Hayo mawili huwezi kuyafanya yote.

Najua si kiti kinachokurudisha nyuma. Wewe huwezi kukaa kwenye kiti kutwa nzima, hata msikitini unahama hama. Kinachokurudisha ni baba yako mdogo mwenyewe. Baba yako alipofariki yeye ndiye aliyetushika mkono. Alikupeleka shule, akakupeleka chuo, na hata siku moja hakunifanya nijisikie naomba. Ni mtu mwema, na atakayemsema vibaya mbele yangu tutagombana. Ndiyo maana unaona kwamba ukimkatalia utakuwa umemtemea mate usoni.

Ijumaa ile alipokuja ulikuwa nyuma ya pazia, nakujua, kwa hiyo uliyasikia. Alianza taratibu. "Shemeji, mtoto ana shahada. Mtu wa shahada tunampeleka akashike koleo na waya?"

Nikamwambia, "Shemeji, atashika koleo na shahada yake anayo. Haitamdondoka."

"Huko watampa nini? Chakula na pa kulala, mwaka mzima. Hapa kuna mshahara, kuna bima, kuna kustaafu."

"Hata kuanza hajaanza, unamstaafisha?"

Akacheka, unajua anavyocheka mpaka kofia inasogea. Lakini alipomaliza chai uso ukabadilika. Akasema, "Akienda Mwanza, kwenye habari za ajira yake msiniite tena. Nimeomba kwa jina langu. Jina langu siwezi kulitembeza mara mbili." Akatoka, hakuaga.

Sasa nisikilize. Mimi nilikuwa wa kwanza kukuweka kwenye hicho kiti, tena miaka mingi kabla ya baba yako mdogo. Ulipohitimu niliitundika ile picha yako ya joho sebuleni, mahali ambapo hata mtu akija kuomba chumvi lazima aione. Mwaloni kote, kuanzia kwenye mitumbwi mpaka kwenye chanja, niliwatangazia. Wakiniuliza umesomea nini, nawaambia uhusiano wa umma. Wakiniuliza ndiyo nini hiyo, nawaambia, "Iko juu sana, hamtaielewa." Mimi mwenyewe sikuielewa! Lakini nilijua inakwenda na kiti, meza, na feni inayozunguka, na watu kusimama mlangoni wakisema samahani naweza kuingia.

Ukaenda kwenye usaili Dodoma, ukarudi. Ukaenda tena, ukarudi na miguu imevimba, ukanisimulia foleni ilivyozunguka jengo, wote vijana, wote na bahasha za kaki. Watu wakianza kuniuliza, "Mama Mwavita, mtoto bado?" nawajibu, "Anasubiri kupangiwa." Nikawa nasema hivyo huku wewe uko uani umefungua redio ya watu, umetandaza nyaya kwenye mkeka. Mgeni akibisha nakwambia toa hivyo vitu. Jamani, nilikuwa nakuficha wakati unafanya kazi, ili watu wakuone unangoja kazi. Nikikumbuka najicheka mwenyewe, na nikishacheka nakasirika.

Maana mimi ndiye mtu ambaye hakutakiwa kufanya hivyo. Mimi niliolewa na fundi.

Ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki vizuri baba yako alivyokuwa. Enzi hizo ziwa lilikuwa linavuliwa kwa karabai. Usiku wa giza ukisimama hapa ufukweni unaona mataa mpaka kule upande wa Kongo, kama mji mwingine umeshuka majini, na taa nyingi za upande wetu zilikuwa zimepita mikononi mwa baba yako. Anasikiliza karabai inavyopumua, anakwambia pampu imechoka, au ile soksi inayowaka imefungwa vibaya, kabla hajaifungua. Manahodha wa Ujiji, wa Kibirizi, wote wanakuja kwetu. Na mimi nilikuwa natembea hivi, shingo juu. Mke wa fundi.

Kisha zikaja taa za sola. Tukazicheka. Tukaziita vitochi. Wakaja vijana wa mradi fulani, wakasema wanafundisha mafundi wa taa bure, pale kwenye jengo la mwaloni. Baba yako akaniuliza, "Niende?" Nikamwambia, "Wewe? Fundi mkubwa ukakae kwenye benchi ufundishwe na watoto ambao hata ndevu hawajaota? Watu watasema nini?" Hakwenda.

Nilidhani namlindia heshima. Mwavita, karabai ziliondoka haraka kuliko nywele zinavyotoka kichwani. Manahodha wale wale wakawa wanapita mbele ya mlango wetu wanasalimia kwa adabu, "Shikamoo fundi," na kupita. Baba yako akawa anafuta zile karabai mbili za nyumbani, anazifungua na kuzifunga. Mwishoni akaingia kubeba magunia ya dagaa kwenye malori. Hakunilaumu hata mara moja, na heri angenilaumu.

Nakuandikia hili ili ulijue, usije ukadhani ninakusukuma Mwanza kwa sababu ya kupenda taa. Hizo betri na taa zako nazo zitapita. Atakuja mtu na kitu kingine, nawe utakuwa mama mtu mzima, una jina, una wateja, na kijana mdogo atakwambia mama njoo nikuonyeshe. Siku hiyo ukae kwenye benchi. Na kama mumeo atakwambia watu watasema nini, mwambie, "Mama yangu aliwahi kusema hivyo hivyo."

Wewe hukuningoja mimi nielewe. Ulijifundisha. Kiingereza kile tulichokihangaikia shuleni, kumbe kazi yake ndiyo hii: mafundi wa mjini walikuwa wanakisia, wewe unasoma kile kikaratasi kinachokuja na betri mpaka mwisho, na usichoelewa unakitafuta kwenye simu, unamwangalia Mhindi mmoja anaongea haraka haraka, unamsimamisha, unamrudisha. Nilidhani umepata mchumba! Ukaunguza ulivyounguza. Betri ya Mama Feza ukaichaji vibaya ikavimba, na mpaka leo akipita hapa ananiambia, "Mwanao alinipikia andazi la betri." Lakini ulimtengenezea nyingine, na hiyo inawaka mpaka leo. Hilo halisemi.

Hukujua kwamba kufanya ufundi ni kitu kimoja, na kukubaliwa mwaloni ni kitu kingine. Mimi nilijua. Hapa kwetu mwanamke hapandi kipe. Mitumbwi ile miwili ikishafungwa pamoja, wavu ukawekwa, taa zikapangwa, mwanamke haruki hata kamba yake. Wanasema taa iliyoguswa na mwanamke dagaa wanaikimbia. Ndiyo maana tajiri Sudi, mwenye vipe vitatu, alikuwa anakuletea taa zake zimefunikwa kwa kanga kama mgonjwa. Siku za mbalamwezi, wavuvi wamepumzika, anapita uani kwetu kwa mlango wa nyuma. "Mama Mwavita, nimekuletea mzigo." Na wewe ukawa unafurahi kupata kazi, hujali mlango.

Mpaka asubuhi ile nahodha wake, Bilali, alipojua. Walikuwa wamerudi wamejaza. Watu wamesimama, sisi waanikaji tuna mabeseni kichwani tunasubiri kupimiwa, na kijana mmoja mpuuzi akaropoka kwamba taa ya katikati umeitengeneza wewe. Bilali akaifungua ile taa kwenye kipe, akaitupa mchangani mbele ya watu wote. "Ondoeni uchafu huu!"

Wewe ulikuwa nyuma ya kibanda cha chai. Nilikuona ulivyoinama.

Nikamwambia, "Bilali, rudia."

"Mama, mimi na wewe hatuna ugomvi. Ni mila."

"Nimekuelewa. Taa ikiguswa na mwanamke ni uchafu. Na hawa dagaa wamevuliwa kwa taa hiyo, kwa hiyo nao ni uchafu. Sisi ni wanawake, tusiongeze uchafu juu ya uchafu. Wabebeni wenyewe. Waanikeni wenyewe."

Nikaweka beseni chini nikalikalia. Kwa kweli nilikuwa nimekasirika tu, sikuwa na mpango wowote. Lakini Mama Feza akasema kwa sauti yake ile ya kwao Kalemie, ng'ambo ya ziwa, "Na mimi leo nimechoka," akakaa. Wakakaa wote. Mstari mzima, wanawake juu ya mabeseni, tukaanza kuzungumza habari za harusi ya watu.

Jua likapanda. Unajua dagaa hawasubiri. Wanaume wakaanza kubeba wenyewe, yewe, ilikuwa aibu! Bilali anamwaga dagaa kwenye chanja kama anamwaga mchanga wa kujengea, wamelundikana, wa chini wanaiva kwa joto. Mama Feza anamwambia, "Baba, watandaze kwa vidole, si kwa koleo." Mwingine anamwambia, "Waimbie, labda watatandaka." Tajiri Sudi akaja anakimbia, kanzu ameishika mkononi.

"Mama Mwavita, nakuomba! Mali inaoza!"

"Unaniomba mimi? Mimi mwanamke, tajiri. Nitaitia nuksi."

Akamgeukia Bilali, akamtazama. Na Bilali, nimpe haki yake, ana kiburi lakini si mjinga. Akaenda akaokota taa, akaifuta kwa shati lake, akatembea mpaka kibanda cha chai. "Dada," akakwambia, "hebu iangalie, isije ikawa imepasuka." Ukaifungua pale pale, mbele ya watu. Sisi tukainuka tukaanika dagaa tuliowaokoa, na waliooza Sudi akavumilia.

Jioni ukaniambia nimekutia aibu mbele za watu. Sawa. Lakini kesho yake taa zikaja kwa mlango wa mbele, bila kanga. Na ile picha ya joho niliisogeza pembeni kidogo, nikaweka kibao ulichoandika mwenyewe: Fundi Taa na Betri. Nikawaambia watu, "Mwanangu ana shahada *na* anatengeneza taa za ziwa zima. Wenu?"

Wale wa Mwanza hawakukupata kwa bahati. Uliwatumia ile video ya kazi zako, wakataka kukuona ukifanya kazi, wao kule, wewe hapa, kwa simu. Unakumbuka mimi ndiye niliyeshika simu. Bila mimi usaili wako ungekuwa giza. Yule bwana aliyekuwa anakusaili akasema, "Mama, usitingishe simu," nikamjibu, "Sitingishi mimi, ni bando." Wakacheka, na wewe ukatulia, ukaifungua betri, ukaanza kuwaeleza. Maneno yale sikuyaelewa hata moja, lakini niliona yule bwana ameacha kuandika, anasikiliza. Akauliza ulijifunza wapi. Ukasema "nyumbani," sauti ndogo kama umeiba. Nikapiga kelele kutoka nyuma ya simu, "Mwaloni, Ujiji! Sema kwa sauti!"

Mwanangu, huko utakwenda utakuta vijana waliosomea umeme tangu awali. Watakujua kwa mazungumzo tu, na watakuuliza chuo gani. Usiseme kwa sauti ndogo. Na usijifanye unajua usichokijua. Vyote viwili nimekwisha kuvifanya mimi, na vyote viwili vilitugharimu. Uliza. Ukiambiwa swali lako ni la kijinga, uliza tena mpaka wajibu. Betri haitajali ulionekanaje ulipokuwa unauliza.

Kuhusu mimi usihofu. Kuanika najua, kuuza najua, na nikiugua Mama Feza ana mdomo mrefu, utapata habari kabla sijalala kitandani. Miezi ziwa linapofungwa, watu hawaruhusiwi kuvua, nitakwenda Simbo kukamua mawese na bibi yako, tutagombana, muda utakwenda.

Sasa nikwambie lililobaki, maana nasikia kama pikipiki inakata kona, huenda ni wewe.

Asubuhi ulipoondoka nilikwambia nabaki na dagaa. Sikubaki. Niliwaacha kwa Mama Feza, nikavaa lile gauni la Idi, nikaenda Mwandiga kwa baba yako mdogo. Nilimkuta anapiga pasi shati la kesho. Shati jeupe, Mwavita, la kukupelekea wewe ofisini. Hapo ndipo nilipokaribia kurudi.

Nikamwambia, "Shemeji, mtoto haji kesho. Anakwenda Mwanza."

"Amesema yeye?"

"Nimesema mimi."

Akaweka pasi chini. "Na mimi nitamwambia nini mkubwa wangu? Nani atapokea jina langu tena pale?"

"Mwambie una shemeji kichaa. Watu wa Ujiji wote watakutolea ushahidi."

Hakucheka. Nikamwambia kwamba yote aliyotufanyia sijayasahau hata moja, na kwamba elimu aliyokulipia ndiyo unayoipeleka Mwanza, hujaitupa. Nikamwambia kwamba kaka yake alikaa na karabai mpaka mwisho kwa sababu yangu, na sitarudia kwa mtoto wake. Kisha akachomoa pasi, akalikunja lile shati, akasema, "Nenda nyumbani, shemeji." Mlango akaufunga mwenyewe. Sijui atanisalimia lini. Hilo niachie mimi, nitakwenda tena, na tena, mpaka achoke kunifungia.

Kwa hiyo kesho asubuhi hakuna anayekuja kukuchukua. Kiti anapewa mtu mwingine. Najua nimekuamulia jambo lako, na wewe ni mtu mzima mwenye shahada. Kama kweli moyo wako uko masjala, njia ya Mwandiga unaijua, nenda leo hii ukamwambie, "Mama yangu amesema uongo," na yeye atakupokea, kwa sababu ndivyo alivyo. Sitakuzuia mlangoni.

Lakini kama ulitaka kubaki kwa sababu ulikuwa unaogopa kumkatalia, basi ameshakataliwa, na aliyemkatalia ni mimi. Huna deni la maneno kwa mtu yeyote hapa. Nikasirikie ukipenda, una haki kabisa. Ila kasirikia ndani ya basi.

Mimi mama yako,
Mama Mwavita wa Mwaloni